Mwenye Nguvu Mpishe? Malori Makubwa na Haki ya Mpita Njia baina ya Muyinga na Gitega

Katika methali tunazowafundisha watoto wetu imo moja ambayo imepita madarasani miaka mingi bila kuulizwa itokako wala iendako: "Mwenye nguvu mpishe." Mwalimu huiandika ubaoni, wanafunzi huinakili, na maelezo yanayofuata huwa ni yale yale, kwamba mnyonge mwenye busara hashindani na mwenye uwezo. Mimi nasema kwamba methali hii, kwa jinsi tunavyoifundisha, imekwisha kuwa sheria ya barabara katika nchi yetu, na kwamba yatupasa sisi walimu wa Kiswahili kuwa wa kwanza kuipinga. Asiyesadiki na asimame kando ya barabara itokayo Kobero kuingia mjini Muyinga saa watoto wanapokwenda shule, kisha atuambie ni nani anayempisha nani.

Burundi haina bahari, lakini kwa mambo ya uchukuzi hali yake ni kama ya kisiwa kidogo. Eneo lake ni kilomita za mraba 27,834 tu, watu wake wamezidi milioni 12, na karibu kila kitu kisichoota shambani hutoka ng'ambo. Saruji, mafuta, chumvi, dawa na mabati hupakuliwa Dar es Salaam, hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, hufika Ngara, na mwishowe huingia kwetu kwa mlango wa Kabanga na Kobero baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mpaka wa nchi kavu baina ya Burundi na Rwanda ulipofungwa mwezi Januari 2024, mlango huo ulizidi kuwa na maana. Kutoka Kobero malori mengine hushika njia ya Ngozi na Kayanza kwenda Bujumbura. Mengine hushuka kusini kwa njia ya Karusi hadi Gitega. Ama iwe njia hii au ile, Muyinga hauna budi kuyapokea.

Pale Kobero hutokea jambo ambalo mwalimu wa lugha angependa kulitazama. Upande wa Tanzania magari huenda kushoto. Upande wa Burundi huenda kulia. Kwa hiyo lori likivuka mpaka hubadili upande, na lugha nayo hubadili vazi: lililokuwa lori sasa ni kamyo, na lililokuwa basi sasa ni bisi. Lakini usukani haubadiliki. Dereva aliyeketi kulia, akienda kulia, yuko ukingoni mwa barabara. Akitaka kulipita gari lililo mbele yake hana budi kulitoa lori lake nje karibu lote kabla hajaona kinachokuja. Vivyo hivyo kwa gari la abiria lililoundwa kwa ajili ya nchi za kushoto: mlango wake uko kushoto, na likisimama kwetu abiria hushukia katikati ya njia badala ya kandoni. Mtoto na mama mwenye mzigo ndio wanaoteremka hapo.

Sasa wako wasemao kwamba msongamano katika miji yetu unaletwa na vyombo vidogo: baiskeli, pikipiki na bajaji. Fikira hii si ya mitaani tu. Mwezi Machi 2022 serikali ilivipiga marufuku vyombo hivyo katikati ya jiji la Bujumbura, na tangu hapo wako wanaotamani kuona jambo hilo hilo likifanywa Gitega, hasa kwa kuwa Gitega ndio mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 1919 uongezwe karne moja, yaani 2019, na mji mkuu, wanasema, lazima uwe na heshima yake. Na tuipime hoja hii kwa hesabu ya darasa la nne. Lori lenye tela lina urefu wa mita 16 au zaidi. Katika nafasi hiyo hiyo baiskeli nane zaweza kufuatana, au zikienda mbili mbili, kumi na sita. Lori hilo likiharibika penye kona ya barabara nyembamba ya mlimani, njia nzima hufungwa mpaka jingine lije kulivuta. Baiskeli ikipasuka mpira, mwenyewe huiinua akaiweka majanini. Ni kipi basi kati ya hivi viwili kinachosonga barabara?

Upo na uharibifu wa barabara yenyewe. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kuanzia 1958 hadi 1960, yalionyesha kwamba madhara ya gurudumu kwa barabara hayaongezeki sawasawa na uzito, bali huongezeka takriban kwa kipeo cha nne. Uzito wa ekseli ukizidi mara mbili, madhara huzidi mara kumi na sita. Ekseli yenye tani 10, ikilinganishwa na ekseli ya gari dogo yenye nusu tani, ina uzito mara 20. Madhara yake basi ni kama mara 160,000. Sheria ya kudhibiti uzito wa magari iliyopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2013 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lililopakiwa, nayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Tani 56! Na mwenye baiskeli abebaye mkungu wa ndizi ndiye anayeambiwa kwamba ameharibu mji.

Katika milima ya Bugarama, juu ya Bujumbura, vijana wa baiskeli wamezoea kuyashika malori kwa nyuma ili yawavute hadi kileleni. Wakubwa huwaita watukutu. Utukutu upo, nami siutetei, kwani wengi wamepoteza maisha yao hivyo. Lakini yafaa tuulize kwa nini mtu mwenye akili timamu ashike mkia wa lori kwa mkono mmoja na kuongoza baiskeli kwa mkono wa pili. Jibu ni kwamba mkia wa lori ndio usafiri wa umma aliokadiriwa.

Hapa nataka tulitazame kwa makini neno hili, "usafiri wa umma," maana sisi walimu ndio tunaolisambaza. Umma ni watu wote. Kitu cha umma ni kile kinachowajibika kwa wote. Je, kigari cha abiria kinachongoja kujaa ndipo kiondoke, kisicho na saa ya kuondoka wala ya kufika, kinachopandisha nauli mafuta yanapoadimika, chaweza kuitwa cha umma? Hicho ni usafiri wa kukodi ambao watu wengi wamelazimika kuukodi pamoja. Simlaumu mwenye gari, kwani naye anatafuta riziki, na pengo alilolijaza hakulichimba yeye. Ninachokataa ni sisi kuliita pengo jina la nguzo.

Majirani zetu walikwisha kuipita njia hii, na historia yao ina mafunzo. Serikali ya Tanzania ilitaifisha kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam mwaka 1970, na baadaye likaundwa shirika la UDA. Mabasi yakapungua, vipuri vikakosekana, foleni zikarefuka, hata mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa kwa leseni. Ndiyo daladala, jina lililotokana na "dala," yaani ile sarafu ya shilingi tano. Daladala ziliwaokoa watu, lakini hazikuutatua msongamano. Na mwaka 2016 jiji hilo likaanza mabasi ya mwendo kasi yenye njia yake peke yake. Watu wa Dar es Salaam wangali wanalalamika kwamba mabasi hayo hayatoshi. Hata hivyo jambo moja limethibitika: basi likipewa njia yake, hata mtu asiye na gari hupita mbele ya mwenye gari. Hakuna fundisho la usawa lililo wazi kuliko hilo.

Huku kwetu, uhaba wa mafuta uliotuandama mara kwa mara tangu mwaka 2021 umeyafunua mambo yaliyokuwa yamefichika. Petroli ikikosekana, mwalimu aliyepangiwa shule mbali na mji hufika kwa miguu saa tatu, na somo la saa mbili limekwisha kupotea. Mtihani haumngoji. Mzazi wa mgonjwa hukaa kituoni Muyinga tangu alfajiri akiomba gari la Gitega. Zikipatikana lita chache, hakuna kanuni inayojulikana na watu wote ya kusema ni nani atangulie: gari la wagonjwa, basi la abiria, au gari la mkubwa lenye mtu mmoja ndani. Katika hali ya namna hii, "mwenye nguvu mpishe" haihitaji kuandikwa ubaoni. Inaandikwa kituo cha mafuta.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza nitaambiwa: bila malori, nchi itakufa njaa. Ni kweli, wala sikusema malori yazuiwe. Damu nayo ni uhai, lakini hakuna tabibu anayeiacha ipite nje ya mishipa. Pili nitaambiwa ningoje reli. Mwezi Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi huko Musongati la reli itakayotoka Uvinza, yapata kilomita 282, nayo inakusudiwa kufika Gitega baadaye. Naipokea kwa furaha, kwa sababu behewa moja laweza kuondoa malori kadhaa barabarani. Lakini jiwe la msingi halibebi mzigo, na mtoto anayekwenda shule kesho asubuhi hawezi kuahirisha masomo mpaka garimoshi lipige honi. Tatu nitaambiwa kwamba mwalimu wa lugha hana kazi na malori. Hili ndilo jibu la wavivu. Anayewafundisha watu maneno ana kazi na kila mahali maneno hayo yanapotumika kuwadhulumu.

Tena barabara hizi ni za nani? Nyingi zilichimbwa enzi ya Wabelgiji kwa kazi za shuruti, kwa majembe na mikono ya babu zetu, ili kahawa ipate kushuka na maofisa wapate kupanda. Hata leo wananchi hutoka Jumamosi kwa kazi za pamoja, wakazibua mitaro na kufukia mashimo. Watu waliozichimba na wanaozitunza ndio hao hao wanaorukia mtaroni honi ikilia. Nadhani hakuna haja ya kueleza zaidi.

Basi nasema wazi kile tunachopaswa kukidai. Kwanza, malori yapewe maegesho nje ya miji ya Muyinga na Gitega, yenye vyoo, maji na mahali pa kulala, maana dereva aliyetoka Dar es Salaam naye ni binadamu anayestahili kupumzika. Pili, magari yenye tela yasipite katikati ya mji saa watoto wanapokwenda shule na saa wanaporudi. Tatu, mizani ifanye kazi bila upendeleo, na faini itumike kutengeneza barabara ile ile iliyoumizwa. Nne, barabara isikarabatiwe tena bila kuwekewa njia ya waendao kwa miguu na ya baiskeli; huko ndiko waliko wengi. Tano, kuwe na basi lenye ratiba baina ya Muyinga, Karusi na Gitega, japo mara mbili kwa siku, liondoke saa yake hata kama halikujaa, na lipewe mafuta kabla ya gari la mtu mmoja. Hakuna hata moja katika haya linalohitaji utajiri wa ajabu. Yote yanahitaji watu waliokubaliana kwamba mpita njia ni mtu.

Na sisi walimu tuna sehemu yetu. Kiswahili kimekuwa somo katika shule zetu za msingi kwa muda sasa, nacho ndicho lugha ya dereva wa Kahama, utingo wa Ngara na mchuuzi wa Muyinga. Ni lugha pekee ambayo mtoto wa Kirundi aweza kumwambia mwenye lori "punguza mwendo" akaeleweka. Tuwafundishe watoto kusema hivyo. Tuwafundishe kuandika barua kwa mkuu wa tarafa, kuhesabu malori yanayopita mbele ya shule kwa saa moja, na kutoa hoja kwa takwimu walizozikusanya wenyewe. Insha ya namna hiyo ina thamani kuliko insha mia juu ya "Faida za Barabara" ambazo hazina hata mtu mmoja anayetembea ndani yake.

Ama kuhusu ile methali, sisemi ifutwe vitabuni. Iendelee kufundishwa, ila mwalimu awaulize wanafunzi ni nani aliyeitunga: mwenye nguvu au aliyempisha? Kisha ubao huo huo uandikwe nyingine, ya Kiswahili hicho hicho, ambayo haikupata kupewa nafasi barabarani: "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Wanafunzi wakiuliza haki hiyo ina upana gani, waambiwe kwamba kwa kuanzia mita moja na nusu kila upande wa barabara zatosha.