MAMBO YA NYUMBANI: Chujio la Chini ya Sinki



Mwezi huu tumeona yafaa kuzungumza habari za maji ya kunywa, na hasa habari za chujio lile linalofungwa chini ya sinki ya jikoni, ambalo wauzaji huliita kwa herufi mbili tu, RO. Siku hizi chombo hiki kimeenea katika maduka ya mijini, na wazazi wengi huulizana kama inafaa kukinunua. Bei yake si ndogo. Katika nyumba ya mwalimu fedha hiyo hutoka penye ada za watoto. Basi na tujue kwanza kazi yake.

Maji yana maovu ya namna mbili, na watu wengi huyachanganya. Namna ya kwanza ni vijidudu viletavyo kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Hivyo huuawa kwa moto; sufuria safi yatosha, mradi maji yachemke kweli kweli. Namna ya pili ni vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, kama chumvi na madini ya floraidi. Hivyo moto hauviwezi. Tena maji yakichemka sana hupungua kwa mvuke, lakini floraidi hubaki yote katika sufuria, hata yale maji machache yaliyosalia huwa nayo kwa wingi kuliko kwanza. Chujio la RO limetengenezwa hasa kwa ajili ya namna hii ya pili. Nyumba ambayo maji yake hayana chumvi wala floraidi haina haja nalo, hata muuzaji asemeje.

Floraidi si jambo la mbali kwetu. Maji ya miteremko ya Mlima Meru, na ya sehemu nyingine za Bonde la Ufa hata Nakuru na Naivasha katika Kenya, yana floraidi nyingi kwa sababu ya mawe ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja, na huko Arumeru viko visima na chemchemi vilivyoupita mpaka huo mara kadha wa kadha. Mahali maji yalipo mabaya kabisa, miguu ya watoto hupinda na migongo ya wazee hukakamaa. Lakini penginepo huonekana katika meno. Nayo meno huharibika yangali ndani ya ufizi, wakati yanapoumbwa, yaani kabla mtoto hajatimiza miaka 8 hivi. Yakiisha kuota na rangi ya hudhurungi, hakuna mswaki uwezao kuiondoa. Kijana wa namna hii akienda kusoma mbali huficha kicheko chake kwa kiganja, na wenziwe humdhani kuwa ni mchafu. Kwa hiyo, mwenye nyumba anayefikiri habari ya chujio, na atazame kwanza kama ana mtoto mdogo. Wazee wamekwisha kuota meno yao.

Namna chombo kinavyofanya kazi si ngumu kufahamu. Kila mama aliyekata vitunguu vya kachumbari na kuvitia chumvi ameona maji yakitoka katika vitunguu. Maji yamepenya ngozi nyembamba, yakaifuata chumvi. Katika chujio hili mambo hugeuzwa: maji yenye chumvi husukumwa kwa nguvu juu ya utando mwembamba mno, maji hupenya upande wa pili, na chumvi pamoja na floraidi karibu yote huzuiwa. Utando wa kwanza uliofaa kwa kazi hii ulibuniwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1950, nia yao ikiwa kupata maji ya kunywa kutoka baharini.

Angalieni neno lile, nguvu. Hapo ndipo fedha za watu wengi hupotea. Utando wahitaji msukumo wa karibu ba 3, na tangi lililoinuliwa mita 10 hutoa ba 1 tu. Sasa, matangi yetu mengi yamesimama juu ya mnara wa mita 3 au 4! Maji ya tangi kama hilo yakifika kwenye utando hayawezi kupenya ila matone machache, na karibu yote huishia katika bomba la taka. Mwenye tangi la namna hii hana budi kununua chujio lenye pampu, nayo yataka umeme.

Kabla ya hayo yote maji yapimwe. Chukua chupa safi ya maji yako, uipeleke katika maabara ya maji ya serikali, uombe hasa kipimo cha floraidi na cha chumvi. Usitosheke na kile kijiti chenye tarakimu anachotembea nacho muuzaji. Chaonyesha jumla ya vitu vilivyoyeyuka, wala hakitaji floraidi wala vijidudu. Tena wako wenye chombo cha ncha za chuma, ambacho wakikitumbukiza katika maji yako na kukitia umeme, maji hugeuka tope jekundu, mama wa nyumba akashtuka. Tope lile ni kutu ya chuma chenyewe. Maji ya RO hayageuki kwa sababu hayana chumvi ya kupitisha umeme. Mtu wa namna hii na apewe chai, kisha aende zake.

Ukiisha kujua kwamba chujio lahitajiwa, uliza mambo machache. Je, lina hati ya kipimo cha NSF/ANSI 58, ambacho ndicho cha vyombo vya namna hii? Je, hutupa maji kiasi gani? Mengi hutupa lita 3 hata 5 ili kupata lita moja. Yaliyo bora hutupa lita moja au mbili. Pale maji yanunuliwapo kwa ndoo, tofauti hiyo ni kubwa. Maji ya taka yafaa kudeki na kusafisha choo, lakini yasipikiwe wala kunyweshwa mifugo, kwa kuwa floraidi yote imekusanyika humo. Je, vichujio vya ndani hupatikana mjini kwenu, na kwa bei gani? Cha mchanga na cha mkaa hubadilishwa kila miezi 6 hata 12, na utando baada ya miaka 2 au 3. Cha mkaa kisisahauliwe, maana ndicho kinachoondoa klorini ya maji ya bomba, na klorini huuharibu utando.

Wasio na bomba wala umeme wasikate tamaa. Maji ya mvua hayana floraidi kwa kadiri ya kudhuru, nayo yakikingwa kwa bati safi na kuchemshwa yamfaa mtoto sana. Pia mkaa wa mifupa ya ng'ombe huikamata floraidi. Kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha, na kwa Jimbo Katoliki la Nakuru. Wala magadi yasitiwe katika maharagwe ya watoto, maana magadi ya sehemu hizi yamejaa floraidi yenyewe.

Fundi akimaliza kufunga, tangi dogo la chini ya sinki lijae kwanza, kisha maji hayo ya kwanza yamwagwe yote. Yanayofuata ndiyo ya kunywa. Na baada ya mwezi mmoja chupa nyingine ipelekwe maabara.