Kompyuta za skuli: tujaribu kabla ya kutupa

Majuzi nilikuwa Sigowet, kule Kericho kwenye chai, kumtembelea shemeji yangu mwalimu. Stooni mwa skuli yao nilikuta kompyuta zimerundikwa.

"Hizi zimekwisha, shemeji," akaniambia. Microsoft ilifunga huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nazo Windows 11 haziipokei.

Mfukoni nilikuwa na flashi yenye Edubuntu, mfumo wa bure wa skuli ulioanza 2005, ukalala miaka, ukafufuliwa 2023. Tukaichomeka, kompyuta ikawaka kutoka kwenye flashi, bila kugusa kilichomo ndani. Hesabu, kemia, kuandika barua, vyote vimo, wala hatukununua bando. Kweli, huenda polepole, na mashine yenye kumbukumbu chini ya 4GB hutaabika. Lakini ukizima na kuchomoa, kila kitu kiko kama ulivyokikuta. Shemeji alinyamaza, kisha akaenda kuleta ya pili.

Mwaka 2013 watoto wetu waliahidiwa laptopu, 2016 zikaanza kuja tableti. Ahadi nyingine tutazingoja mpaka lini? Nawauliza wenye bodi za skuli huku kwetu, Kwale, Kilifi hata Lamu: kabla ya kumtoza mzazi pesa za kompyuta mpya, mmezijaribu zilizoko stooni?

Neno ubuntu, huko kusini lilikotoka, ni utu wetu huu huu. Na utu ni kutomlipisha mvuvi kitu ambacho skuli inacho tayari.