Kaskazi Haingoji Barua

Tahadhari hii ni ya pwani nzima, kutoka Lamu hadi Pemba ya Msumbiji.

Unga unashuka.

Unga huu, yaani heroini, unatoka Afghanistan, unapakiwa ufuo wa Makran, huko Iran na Pakistan, unakuja katika jahazi lisilo na bendera. Jahazi halitii nanga Mombasa wala Dar es Salaam. Linasimama nje ya maili 12 za bahari ya nchi, linangoja mashua. Ukimwona mvuvi ametoka wakati wa magharibi na madumu manane ya petroli, alfajiri karudi na changu wawili, jua huyo hakwenda kuvua.

Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja nje ya Mombasa. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa.

Iringa haina bahari. Barabara ya kwenda huko ina vizuizi.

Hapo ndipo penye hofu yangu: kwenye mkono unaofungua kizuizi. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014, Marekani ikiwataka. Kesi ya kuwakabidhi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, miaka miwili ikapita. Januari 2017 wakafikishwa New York. Huko wakakiri makosa, likiwemo la kuwahonga maofisa wa Kenya ili kesi isisogee. Baktash akapewa miaka 25, Ibrahim miaka 23.

Kitu kidogo kilinunua miaka miwili. Miaka miwili ni misimu miwili ya kaskazi, upepo unaoleta majahazi.

Sasa tazama mpaka. Mtuhumiwa anavuka Horohoro kuingia Lunga Lunga, au anapita njia ya panya karibu na Vanga. Jalada lake linabaki nyuma likingoja barua. Barua iende wizarani, itoke wizarani, ipigwe muhuri. Mwenyewe keshabadilisha laini ya simu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki ya dawa za kulevya tangu 2001, lakini Msumbiji haimo katika Jumuiya. Imo SADC, pamoja na Tanzania. Ramani hii wauza unga wanaijua kuliko wabunge wetu.

Tukinyamaza, unga hautapita tu. Utabaki. Mbebaji mara nyingi hulipwa sehemu ya ujira wake kwa unga wenyewe, naye huuza kete kwa kete hapo hapo mtaani. Ndivyo maskani zinavyozaliwa. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu walionaswa na unga, mwaka 2011. Nenda asubuhi ukaone foleni: mtu anapewa kikombe, anakunywa mbele ya muuguzi, anarudi kesho. Na keshokutwa. Idi na Krismasi pia. Hiyo ndiyo bei, na anayeilipa si mwenye jahazi.

Yanayotakiwa sasa ni machache. Wapelelezi wa Tanga na Kwale, wa Mtwara na Cabo Delgado ya Msumbiji, wapewe ruhusa ya kupeana taarifa usiku huo huo, bila kungoja wizara. Kielelezo kipimwe, kipigwe picha na kiteketezwe mapema mbele ya hakimu, kwa sababu unga ukikaa sana stoo hugeuka unga wa ngano. Kila mtu wa mahakamani anajua mzaha huo, wala si mzaha. Kesi ya kumkabidhi mtuhumiwa iwekewe ukomo wa siku. Na mali ifuatwe hadi ng'ambo: nyumba iliyojengwa Nyali, Mombasa, kwa fedha za unga wa Dar es Salaam ikamatwe, hata kama hati ina jina la shemeji.

Kaskazi inaanza kuvuma Desemba.