Kinga Yangu Haihitaji Kuongezwa, Asante

Manyatta ukipiga chafya mara tatu mfululizo, kila mtu anageuka daktari. Jirani atakuambia unywe tangawizi na kitunguu saumu. Kijana wa chemisti atakuuzia tembe za kuboost kinga. Muuza mitishamba kule Kibuye ana chupa ya kahawia inayotibu pumu, aleji, presha na mapenzi yaliyovunjika. Na mtu wa boda atafunga mjadala: "Omera, kinga yako iko chini. Ongeza tu."

Siongezi. Nina pumu, nina aleji ya vumbi, na hili neno "ongeza" limenichosha. Ni ushauri mbaya, na kuna watu wanakula pesa yetu nalo.

Aleji si kinga iliyolala. Ni kinga iliyo macho kupita kiasi. Mwili umetengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya vitu ambavyo havingeua mtu: utitiri wa godoro, mabaki ya mende, chavua. Kingamwili hizo hukaa juu ya seli za masti, zilizojaa histamini, zikingoja. Vumbi likifika, seli zinaimwaga yote: pua inatiririka, macho yanawasha, kifua kinabana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu ki damuni, na wewe unataka nikiongezee nguvu?

Sayansi ya miaka ya karibuni imeuliza swali ambalo mama mboga yeyote angeuliza: hizi seli zinakula nini? Wataalamu wanaiita metaboli ya seli za kinga. Seli T iliyotulia hula polepole, ikichoma sukari na mafuta kwa oksijeni ndani ya mitokondria. Ikiamshwa, inabadilisha menyu. Inafakamia glukosi na kuivunja haraka haraka, hata kama njia hiyo inatoa nishati kidogo, kwa sababu sasa inataka pia malighafi ya kujizidisha. Otto Warburg aliona tabia kama hiyo kwenye seli za saratani huko Ujerumani miaka ya 1920.

Halafu kuna seli T za kutuliza, zile zinazowaambia wenzao, "Relax, hili ni vumbi tu." Hizi hutegemea zaidi mafuta na mitokondria. Bakteria wa utumbo wanazisaidia: wakipata nyuzinyuzi za mboga na nafaka, huzichachusha kuwa asidi ndogo kama butirati. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba panya waliolishwa nyuzinyuzi nyingi walipata uvimbe mdogo wa mapafu walipochokozwa na utitiri wa vumbi.

Panya si watu, utasema. Sawa, twende Moshi, Tanzania. Katika utafiti uliochapishwa 2025, wanaume 77 wenye afya njema walishiriki. Waliozoea chakula cha asili walipewa vyakula vya kukaangwa na vya viwandani kwa wiki 2. Wale wa mjini wakapewa mboga, kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa. Kundi la kwanza, alama za uvimbe kwenye damu zilipanda na seli zao za kinga zikawa dhaifu mbele ya vimelea. Kundi la pili walielekea upande wa utulivu, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye. Utafiti huo haukupima aleji, na sitaubebesha mzigo usio wake. Lakini unaonyesha kwamba sahani inaweza kugeuza tabia ya kinga ndani ya wiki 2, bila chupa ya kahawia.

Sasa angalia sahani yetu. Smokie kila kona, chipo, soda, mandazi ya unga mweupe. Osuga na apoth zipo, lakini zinataka muda na makaa, na mtu anayefika nyumbani saa tatu usiku hana vyote viwili. Makaa yenyewe yanatoa moshi, na moshi unakwaruza njia ya hewa mpaka inapiga kelele za hatari zinazoamsha hizo hizo seli.

Msiniletee pia ile hadithi ya "mtoto wa ghetto ana kinga, aleji ni ya Milimani." Mnasikia nusu ya wazo la David Strachan, aliyeona mwaka 1989 kwamba Uingereza watoto wa familia kubwa walipata homa ya chavua kwa uchache. Hapa kwetu, utafiti wa 1998 uliwakimbiza watoto wa shule Nairobi na Murang'a, kisha ukawapima pumzi. Mirija ilibana kwa asilimia 22.9 ya watoto wa Nairobi, na 13.2 ya wale wa Murang'a. Mji umetubebesha vumbi na moshi bila kutupa ile kinga ya shamba. Na wanaodai minyoo inatulinda wavuke ziwa hadi visiwa vya Koome, Uganda. Huko vijiji 26 vilifuatwa kwa miaka 3, vingine vikipewa dawa za minyoo mara nyingi kuliko vingine. Mwisho wake, kifua kinachopiga mluzi hakikutofautiana.

Dawa ya kweli ipo, na inafanya kinyume cha "ongeza." Inhela ya bluu hufungua mirija tu. Inhela ya steroidi ndiyo inayozishusha seli hasira ndani ya mapafu. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema mtu mzima au kijana asitibiwe kwa ile ya bluu peke yake. Budesonidi iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Lakini zahanati ninayoenda, ya bluu ikipatikana ni bahati, na ya steroidi naambiwa nikaitafute town kwa pesa yangu.

Kwa hivyo kabla hujanunua tembe nyingine za kuboost, uliza swali moja dirishani: "Inhela ya kuzuia iko?" Wakisema haipo, uliza itafika lini. Tukiuliza mtaa mzima, kila wiki, kuna mtu kaunti atalazimika kujibu.