Vichocheo vya ukuaji na misuli ya moyo: matumaini ya maabara na saa za kwanza za mgonjwa

Mshtuko wa moyo hutokea pale bonge la damu linapoziba mshipa unaolisha misuli ya moyo. Chumba cha chini upande wa kushoto, kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, kina seli za misuli zinazokadiriwa kuwa kati ya bilioni 2 na 4. Shambulio kubwa laweza kuua hadi robo ya seli hizo kwa saa chache. Ngozi ikichubuka huota upya, lakini moyo huweka kovu mahali pa seli zilizokufa, na kovu hilo, ingawa ni imara, halisukumi damu.

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa seli za moyo wa mtu mzima hazizaliwi upya kabisa. Mwaka 2009, watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walipima katika seli hizo kaboni iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, na kwa njia hiyo wakakadiria umri wake. Walibaini kuwa mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli hizo kwa mwaka, na afikapo miaka 75 kiwango hushuka hadi chini ya nusu ya asilimia. Uwezo upo, ila ni mdogo mno kuziba pengo la mamilioni ya seli.

Hapo ndipo hoja ya vichocheo vya ukuaji ilipopata nguvu. Hivi ni protini ambazo mwili wenyewe huzitengeneza ili kuziamuru seli zigawanyike, zikomae au zijenge mishipa mipya ya damu. Ilionekana jambo la busara kumpa mgonjwa protini hizo kwa wingi baada ya mshtuko. Kimojawapo, kinachoitwa G-CSF, huamsha seli shina zitoke kwenye uboho na kuingia katika damu. Mwaka 2006 kilipimwa kwa wagonjwa 114 nchini Ujerumani na wengine 78 nchini Denmark, wakilinganishwa na waliopewa sindano isiyo na dawa. Nguvu ya moyo kusukuma damu haikutofautiana kati ya makundi hayo.

Utafiti haukukoma. Teknolojia ya mRNA, ambayo umma uliifahamu kupitia chanjo za UVIKO-19, imetumika kuupa moyo maelekezo ya kujitengenezea wenyewe kichocheo cha VEGF kinachojenga mishipa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalihusu wagonjwa 11 tu waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa moyo. Idadi hiyo yatosha kuanza kuchunguza usalama, si kuthibitisha tiba. Tahadhari nyingine ilitoka kwa nguruwe. Mwaka 2019 wanasayansi walifaulu kuzifanya seli za moyo wao zigawanyike upya kwa kutumia kipande cha chembe za urithi, na makovu yakapungua. Hata hivyo, kwa kuwa mgawanyiko huo haukuweza kuzimwa, wengi wa wanyama hao walikufa ghafla baada ya mapigo ya moyo kuvurugika.

Kwa mgonjwa wa leo, basi, hakuna sindano ya kichocheo cha ukuaji iliyothibitishwa kurejesha misuli ya moyo iliyokufa, na anayeiuza anauza kisichokuwepo. Kinachowezekana ni kuiokoa misuli kabla haijafa.

Kwa Tanzania, suala hilo lina uzito wake. Utafiti uliofanyika katika hospitali moja mjini Moshi na kuchapishwa mwaka 2020 uliwapima wagonjwa 681 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kushindwa kupumua. Kati yao, 152 walikuwa na mshtuko wa moyo, na wengi hawakutambuliwa hivyo na madaktari waliowapokea. Zaidi ya asilimia 40 ya hao 152 walifariki ndani ya siku 30. Wengi wao walilalamikia pumzi, si kifua, dalili ambayo ni rahisi kudhaniwa kuwa homa ya mapafu.

Huduma ya kuzibua mishipa ya moyo inapatikana nchini, ikiwemo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Lakini kutoka Moshi hadi huko ni zaidi ya kilomita 500, na kitaalamu mshipa hupaswa kuzibuliwa ndani ya saa mbili hivi tangu ugonjwa utambuliwe. Kwa aliye mbali, dawa ya kuyeyusha bonge la damu hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 12 tangu dalili zianze, na kadiri inavyowahi ndivyo misuli mingi inavyopona. Hatua hizo zote hutanguliwa na kipimo cha umeme wa moyo, kinachochukua dakika chache, pamoja na mhudumu anayejua kukisoma. Mwananchi mwenye maumivu ya kifua yasiyoisha, jasho jembamba au pumzi kukata ghafla, hasa mwenye shinikizo la damu au kisukari, anastahili kuomba kipimo hicho siku hiyohiyo, tena mapema.