Gubiti Mlangoni mwa Chuo

Sijapata kumwona mshairi wa pwani aliyemsifu mrembo akayasahau meno. Tutasifu macho, shingo na mwendo, lakini hatutui mpaka tufike kinywani: tutasema lulu, tutasema mchele wa pishori, na akiwa na mwanya ndiyo kabisa, shairi huongezeka beti mbili. Basi ni ajabu kwamba watu wanaoyaenzi meno kiasi hiki katika nyimbo zao za harusi huwaacha watoto wao wa miaka mitatu na minne watembee na visiki vyeusi mbele ya kinywa, na mtu akiuliza hujibiwa kwa kicheko: "Hayo si meno ya kitoto tu? Yatang'oka yenyewe."

Neno hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi leo.

Ni kweli yatang'oka. Lakini lini? Mtoto huanza kuota meno akiwa na miezi sita hivi, na akifika miaka miwili na nusu au mitatu huwa na meno ishirini kamili. Ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka sita au saba, ambapo sisi wenye umri tunakumbuka jinsi tulivyoyatupa juu ya paa tukiomba mapya. Magego ya kitoto, ambayo ndiyo ya kutafunia, hukaa mpaka miaka kumi, kumi na mbili. Mzazi anayesema "yatang'oka" huwa anamwambia mtoto wa miaka minne asubiri miaka sita na zaidi ndipo atafune nyama bila kulia. Tena gego la kitoto likitolewa kabla ya wakati wake, meno ya jirani husogea yakaziba nafasi, na lile la ukubwani likija hukuta mlango umefungwa, likaota upande.

Na kuna hadaa nyengine ambayo wazazi wengi hawaijui. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma kabisa ya yale ya kitoto, bila ya jino lolote kung'oka mbele yake. Mama hulidhania ni la kitoto, huliacha lioze, na hilo halina mwenziwe atakayekuja nyuma. Ndilo hilo hilo mpaka kaburini.

Lakini sikusudii meno peke yake. Nakusudia mwili mzima wa mtoto, kimo chake na uzito wake. Marehemu Profesa Aubrey Sheiham, aliyekuwa bingwa wa afya ya meno huko London, aliandika mwaka 2006 katika jarida la madaktari wa meno wa Uingereza kwamba meno yaliyooza vibaya humzuia mtoto mdogo kukua. Sababu alizozitaja hazihitaji elimu ya chuo kikuu kuzifahamu. Mtoto mwenye maumivu hali vizuri. Huchagua vilaini na vitamu, akaacha nyama, mboga na kunde. Mtoto mwenye maumivu halali vizuri, na usingizini ndipo mwili unapotoa kwa wingi zile homoni za kukuza. Na usaha uliojificha kwenye mzizi wa jino huusumbua mwili mchana na usiku, na damu hupungua. Waliofuatia kuchunguza jambo hili hawakuafikiana wote: wengine waliona watoto waliotibiwa meno wameongezeka uzito, wengine waliona hamu ya kula imerudi lakini baada ya miezi sita kimo bado ni kile kile. Mimi nasema, hata kama ni hamu ya kula tu iliyorudi, mama gani atakayeikataa?

Sasa tutazame kilichomo katika sinia na kikombe. Asubuhi mtoto wetu hupewa mahamri na chai. Mbaazi za nazi zikiwepo, alhamdulillahi, hapo kuna chakula. Aghalabu hazipo, au huambiwa zina pilipili, basi huwa ni hamri linalochovywa katika chai ya vijiko vitatu vya sukari. Saa nne hupewa sharubati. Akienda kwa shangazi hupewa soda, maana mgeni hata akiwa na miaka mitatu haachwi hivi hivi. Alasiri ni gubiti, kashata na mabuyu mekundu. Usiku akiletewa wali na samaki husema ameshiba, na mama humlalamikia kila mtu kwamba mtoto huyu hali.

Hebu tufanye hesabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari inayotiwa katika chakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na nusu ya hapo ni bora zaidi. Mtoto wa miaka minne anayehitaji kalori 1,200 hivi kwa siku, fungu lake halizidi gramu 30. Chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 300 ina sukari ya kadiri hiyo hiyo, kiasi cha vijiko saba vya chai. Kwa hivyo ile ya shangazi peke yake imeshamaliza haki ya siku nzima, na bado hatujahesabu chai. Na chai yenyewe ina lake: ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo humo, na chuma ndiyo damu.

Kuna jambo ambalo huenda likawafurahisha wapenda halua, na mimi ni mmoja wao. Kinachoyaua meno hasa ni wingi wa nyakati. Katika ukoga wa meno mna vijidudu vinavyokula sukari na kutoa tindikali, na kila mtoto anapotia kitu kitamu kinywani tindikali hiyo hulila jino kwa muda wa nusu saa hivi kabla ya mate kuituliza. Mtoto aliyekula kipande cha halua mara moja baada ya chakula amepata pigo moja. Aliyeimung'unya gubiti kutwa nzima, akiitoa na kuitazama na kuirudisha, amepata mapigo tangu adhuhuri hadi magharibi. Kwa hivyo siku ya Idi mwacheni ale kaimati zake baada ya pilau, kisha asukutue.

Baya kuliko yote ni ile chupa ya kunyonyea anayolazwa nayo, ikiwa na chai, sharubati au maziwa yaliyotiwa sukari. Usingizini mate hupungua, na kilichomo kinywani hukaa humo mpaka alfajiri. Ndiyo sababu meno ya mbele ya juu ndiyo yanayoanza kuharibika. Ya chini hukingwa na ulimi na mate. Mama na amnyanyue mwanawe mdomo wa juu akamtazame. Akiona mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi, huo ndio mwanzo wa kuoza, na hapo bado jino linaweza kuokolewa kwa dawa ya floridi. Ukishageuka hudhurungi, habari ni nyengine.

Ajabu yetu Waislamu ni kwamba hatukuachwa gizani katika jambo hili. Hata neno letu la kupigia meno, mswaki, limetoka katika Kiarabu cha dini. Mtume wetu (S.A.W.) alieleza kwamba lau si kuchelea kuutaabisha umma wake angeliuamrisha kupiga mswaki kila sala. Mti wenyewe unaota pwani yetu na katika nchi kavu za bara, na wataalamu wamekubali kwamba kijiti chake kikitumiwa vyema hupunguza ukoga. Kwa mtoto mdogo hicho ni kigumu, apigwe kwa mswaki laini wa dukani, mara mbili kwa siku, na dawa yenye floridi: asiyetimia miaka mitatu, kadiri ya punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita, kadiri ya punje ya mbaazi. Na apigwe na mkubwa. Kumwachia mtoto wa miaka minne ajipige mwenyewe ni kama kumwachia ajifulie kanzu ya Ijumaa.

Watakaoniletea hoja ya tahniki nawajibu mapema: ile tende anayopakwa mtoto mchanga ni kidogo, na ni mara moja. Haikuwa ruhusa ya kumtia utamu kinywani miaka mitano mfululizo. Tena Kitabu hicho hicho tunachokisoma kimewatajia mama miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na madaktari wa leo wanasema vivyo hivyo: miezi sita maziwa ya mama matupu, kisha chakula pamoja na titi mpaka miaka miwili au zaidi.

Nisieleweke kwamba nawalaumu kina mama kwa kila kitu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kenya nzima watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Kilifi walikuwa 37, hesabu kubwa kuliko ya kaunti yoyote. Kilifi yenye bahari, yenye minazi, yenye maembe! Kudumaa huko hakukuletwa na gubiti. Kuna ukame, maji machafu, maradhi ya kuhara, na samaki anayevuliwa asubuhi na kupelekwa hotelini kabla mtoto wa mvuvi hajamwona. Mama asiye na kitu humpa mwanawe chai ya rangi yenye sukari nyingi kwa kuwa huinyamazisha njaa, naye anajua kwamba huinyamazisha tu. Huyo haambiwi habari za mswaki bila ya kwanza kuulizwa amekula nini. Na jino la mwanawe likimuuma, mara nyingi huambiwa dawa ni kung'oa, baada ya kulipa nauli ya matatu mpaka mjini.

Maneno yangu makali ni kwa sisi tulio na uwezo wa kununua samaki tukanunua soda. Na ni kwa kamati za vyuo vyetu. Mtoto huanza chuo akiwa na miaka mitatu au minne, na kitu cha kwanza anachokiona akitoka na juzuu yake kwapani ni meza ya gubiti, lambalamba na achari iliyotiwa rangi. Simtaki Maalim amfukuze muuzaji, maana naye ana wanawe nyumbani. Akae naye wazungumze. Mihogo ya kuchemsha, ndizi mbivu, mayai, embe za msimu na maji safi vinauzika pia kwa shilingi kumi na ishirini, na mtoto aliyetoka kusoma tangu asubuhi na njaa yake hununua kilichopo mezani.