Alikubali, lakini alikubali nini?

Na Nekesa Wafula

Mama anayejua soko la Chwele hanunui mahindi kabla ya kuigeuza gorogoro, kopo la kupimia. Huipindua, akapapasa kitako kuona kama kimebonyezwa. Akikuta kimebonyea, muuzaji hana la kujitetea eti, "Si ulikubali bei?" Bei alikubali, kupunjwa hakukubali.

Niliikumbuka gorogoro hiyo juzi, binti mmoja aliponisimulia yaliyompata, tukiwa kwenye kibanda cha chai hapa Kanduyi. Alikuwa amemwambia mpenziwe mapema: bila mpira, hakuna. Jamaa akavaa. Alfajiri, binti akipapasa chini ya kitanda kutafuta ndara, mkono ukaugusa mpira, mkavu. Alipouliza, jamaa alicheka. Binti akakimbilia duka la dawa kununua P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kisha hospitalini kuomba dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Kwa polisi hakwenda. "Ningewaambia nini, na nilikubali?"

Angewaambia alilaghaiwa. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Ngono ya 2006, iliyofikishwa Bungeni na Njoki Ndung'u akiwa mbunge mteule, inasema katika kifungu cha 42 kwamba kuridhia ni kukubali kwa hiari, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Kifungu cha 43 kinataja tendo linalopatikana kwa ulaghai na kutoa mifano: kujifanya mtu mwingine, kumfanya mtu aamini tendo ni jambo jingine, kuficha kwamba una virusi vya Ukimwi. Kuvua mpira kisirisiri hakumo. Wakili wa binti atasema mifano si orodha kamili. Wa jamaa atajibu kwamba Bunge lingetaka, lingetaja. Waliooana kihalali ndio kabisa: kifungu hicho kimewaacha nje.

Canada walivutana hivyo hivyo hadi Julai 2022, Mahakama yao ya Juu ilipoamua, majaji 5 kwa 4, kwamba aliyekubali tendo kwa mpira hajakubali tendo bila mpira. Wabunge wetu wanahitaji kuongeza mstari mmoja tu.

Nanyi vijana mnaouita huu ujanja, niambieni: kama mliamini mmeruhusiwa, mbona mlivua kimyakimya? Mwenye kubonyeza gorogoro haibonyezi mbele ya mteja.